Daftari Nne za Ukoo wa Harwick

Alhamisi, 2 Oktoba 1975. Heru Juu

Jana Jumatano, tarehe 1 Oktoba, kati ya saa tatu asubuhi na saa kumi jioni, daftari zangu nne zimepotea kutoka kabati la ofisi ya parokia, Kasulu mjini. Kila moja ina kurasa 96. Jumla 384, na zilizobaki tupu zilikuwa saba. Kazi ya miaka mitatu na miezi minne.

Hili ninaloandikia ni la tano, nene mara mbili ya hizo. Nililinunua dukani kwa Mzee Hilali niendelee na kazi. Sasa litakuwa la kuandikia hasara.

Kwa atakayelisoma baada yangu: mimi ni Bazilio Ndihokubwayo, seremala. Darasa la nne, basi. Kifaransa nilikipata Burundi, miaka kumi na mmoja jikoni kwa mapadri, kwanza kwenye orodha za vyakula, kisha kwenye magazeti ya kufungia samaki, mwisho kwenye vitabu walivyokuwa wakivitupa. Hakuna mtu aliyenikalisha akanifundisha. Sista Ogustina, Mzungu wa zahanati yetu, alipoanza kupofuka mwaka 1972, aliniita kila Alhamisi nimsomee barua za bibi yake mzaa mama. Zilikuwa barua 213, zote kwa Kifaransa, ndani ya sanduku la bati. Huyo bibi aliitwa Cornelia Harwick, Mmarekani, binti wa mtengeneza misumari tajiri aliyehamishia familia yake Paris mwaka 1859 ili waishi na wakubwa wa Ufaransa. Sista alifariki Februari ya mwaka jana. Mimi niliendelea. Nilitaka kujua watu wale walipata nini kule na walipoteza nini. Nikaandika kwa Kiswahili nani alizaliwa lini, nani alialikwa kwa nani, na nani aliacha kualikwa na mwezi gani.

Tarehe 22 Septemba akaja Bi Ansley, Mmarekani, mwalimu wa Chuo Kikuu Dar es Salaam. Anatafiti ukoo huohuo. Amekaa siku tisa, na siku zote hizo mimi nilikuwa Makere napaua ghala. Jana ameondoka na sanduku, kwa karatasi ya ruhusa aliyoiacha Padri kabla ya kwenda Kigoma. Barua sidai, ni za watu wa kwao. Daftari ni zangu, na hazikuwa sandukuni, zilikuwa rafu ya juu.

Kabati lile nimelitengeneza mimi, mbao za mninga, kitasa kimoja, funguo mbili. Mmoja anao Padri. Wa pili anao karani, Melkiadi, kaka wa mke wangu. Kitasa hakina hata mkwaruzo. Padri alikuwa Kigoma, na Melkiadi anasema asubuhi alimwachia yule mama ufunguo. Hesabu haihitaji kalamu. Amechukua yeye.

Jumapili, 5 Oktoba

Baada ya misa Melkiadi amenishika bega.

“Shemeji, pole. Mzungu ni Mzungu tu.”

“Ulimwona akizitoa?”

“Nimwone wapi? Nilikuwa barazani napiga mashine. Alitoka na mzigo.”

“Mzigo gani?”

“Mzigo, shemeji! Mizigo ya Wazungu nitaijulia wapi mimi?”

Hata hivyo amenifaa. Nimeandika barua kali ya kurasa mbili kwa Bi Ansley, naye kaichukua aipige mashine na kuiposti mwenyewe. Watu wenye shemeji wa namna hii ni wachache.

Jumapili, 19 Oktoba

Mvua ya kwanza. Tumepanda maharage.

Jumatatu, 27 Oktoba

Shamba la kijiji kutwa. Hakuna la kuandika.

Jumapili, 9 Novemba

Nimeanza kuandika upya kwa kumbukumbu. Barua zimekwenda, daftari zimekwenda, kichwa kimebaki. Leo nimejaza kurasa nne.

Nyumba waliyopanga Paris ilikuwa na milango 41, nakumbuka kwa sababu ya kazi yangu. Jumatano ndiyo ilikuwa siku ya mama Harwick ya kupokea wageni. Kila mama mkubwa kule alikuwa na siku yake, na kwenda siku isiyo yake ni aibu. Jumatano ya kwanza walikuja wageni watatu. Alikuwa ameandaa viti sitini.

Mwaka 1864 Kaisari wao aliwaalika kwenye kasri la msituni, kwenye mawindo. Kule wageni hualikwa kwa makundi, kundi moja wiki moja, na mwanamke havai gauni moja mara mbili. Cornelia alikwenda na masanduku 14. Kwa siku saba alibadili nguo mara 26, kisha akamwandikia dada yake aliyebaki Marekani kwamba katika siku zote saba hakuna mtu aliyemuuliza swali akasubiri jibu.

Winifrida, mke wangu, alikuwa anachambua maharage. Nikamsomea.

“Masanduku kumi na manne kwa wiki moja?” akasema. “Na wafuaji je?”

“Hawaandikwi.”

“Basi hukuibiwa kitu kikubwa.”

Nikamwambia asicheze na jambo hili. Akainama kwenye ungo na hakunitazama tena. Nikadhani nimemwonea.

Jumapili, 23 Novemba

Siku ya 49 tangu Melkiadi aiposti barua. Hakuna jibu. Nimemuuliza. “Wenye shahada hawajibu mafundi, shemeji,” akasema. Ni kweli, na imeniuma zaidi kwa kuwa kweli.

Jumanne, 2 Desemba

Mvua. Paa la jikoni linavuja mahali pawili. Nyumba ya zamani, kabla hatujahamishiwa kijijini, haikuvuja.

Jumapili, 7 Desemba

Kurasa 31 sasa. Nimefika kwa mzee Harwick mwenyewe.

Kwao alianza kwa kufua misumari kwa mkono, mia tatu kwa siku. Mpaka hapo ni mtu wangu. Kule Paris aliajiri mwalimu wa Kifaransa, akajifunza akiwa na miaka 52, na wakubwa walikuja kula kuku wake ili wamsikie akikosea. Barua ya 77 inasema walikuwa na mchezo, kila kosa la mzee wanabana kijiko kimoja chini ya leso, na mwisho wa chakula wanahesabu. Siku hiyo vilifika vijiko 19. Cornelia aliviona.

Ningemhurumia, lakini nakumbuka aliyofanya miaka miwili baadaye. Mwaka 1866 alimwoza Cornelia kwa Konte wa Valmorin, mtu mwenye cheo, kama mtwale, chifu mdogo wa kwetu zamani. Mahari laki nne za faranga. Katika daftari la pili niliandika kurasa kumi na moja nikimlaumu mzee huyu. Konte alikuwa na nyumba iliyowekwa rehani, mashamba yaliyowekwa rehani, farasi wa mkopo. Laki nne alizitoa wapi? Nikaandika kwamba alikamuliwa, na kwamba mtu aliyefua misumari kwa mkono hakupaswa kumkamua mkwe. Kurasa hizo zilikuwa bora kuliko zote. Bi Ansley anazisoma sasa hivi huko, miguu juu ya kiti.

Alhamisi, 25 Desemba

Noeli. Melkiadi alikuja kula. Shati jipya, kalamu mbili mfukoni. Ameniuliza nimefika wapi na “yale mambo ya Wafaransa”. Nikamwambia kurasa 44. Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayepima ubao.

Alhamisi, 15 Januari 1976. Kibondo

Nimekuja kumwona Sista Pelagia, Muha mwenzetu, aliyemhudumia Sista Ogustina miaka yake ya mwisho. Siku hizi yuko zahanati ya hapa. Nilitaka anisaidie tarehe ninazozitilia shaka.

Nilipanda lori la Mzee Hilali juzi Jumanne. Busunzu tukakwama, magurudumu manne yote ndani ya tope. Mwanamke mmoja mfanyabiashara, Kudra, alikuwa juu ya magunia yake ya chumvi akitusimamia.

“Seremala! Toa futi yako upime tope!”

“Nimeshapima. Limezidi kimo chako.”

“Basi ingia wewe mwenye kimo!”

Tukalala Busunzu, tukaingia Kibondo jana jioni.

Asubuhi hii Sista Pelagia amenipa tarehe tatu, zote sahihi. Kisha nikamsimulia zile kurasa kumi na moja, maana nilitaka mtu mmoja duniani azisikie. Alikuwa anakunja shuka. Akaacha kukunja.

“Bazilio, hebu rudia. Nani alimpa nani?”

“Konte alimpa mzee Harwick. Laki nne. Mahari.”

Alicheka mpaka akashika mlango.

“Bazilio weee! Miaka kumi na mmoja jikoni kwa Wazungu, na hili hukulijua? Kule anayetoa ni baba wa binti!”

“Kwa mapadri hakuna harusi, Sista. Ningelijulia wapi? Anatoa nini?”

“Hiyo mahari.”

“Anamtoa binti, na ng'ombe anatoa yeye?”

“Ndiyo. Sista Ogustina mwenyewe aliniambia. Babu yake mkubwa alizitoa zile laki nne, na yule Konte akazimaliza kwa farasi na karata kabla ya vita vya mwaka 1870.”

“Basi mume anatoa nini?”

“Jina,” akasema, akaendelea kukunja shuka.

Ijumaa, 16 Januari. Kibondo bado, lori halijajaa

Nimekaa barazani kwa Mzee Hilali mwingine, binamu wa yule wa Kasulu, nimepiga hesabu upya kutoka mwanzo. Barua ya 94 haisemi aliyetoa. Inasema tu “zile laki nne za Cornelia”. Mtoaji nilimtia mimi. Kwetu hakuna mtu angeuliza, ni sawa na kuuliza nani alimzaa nani. Sasa rehani zote zinakaa mahali pake. Konte aliyezama kwenye rehani ndiye aliyehitaji fedha za mkwe. Barua ya 121, ambamo mzee anauza kiwanda cha pili, nayo inakaa mahali pake. Ile ya 188 pia, wakati Paris imezingirwa wanakula nyama ya farasi, na Cornelia anaandika kwamba hawa angalau ni farasi waliolipiwa na baba.

Mzee hakumkamua mtu. Alikamuliwa yeye. Walikula kuku wake, wakahesabu makosa yake kwa vijiko, na alipokwisha wakaacha kuja Jumatano. Mimi nikamtukana kurasa kumi na moja.

Na kurasa hizo ziko kwa yule mwanamke. Msomi akizifungua atajua mara moja ziliandikwa na mtu asiyejua lolote. Nimeona aibu peke yangu, jua likiwa utosini.

Jumapili, 1 Februari

Mvua. Sikwenda misa.

Jumatano, 11 Februari

Niko ukurasa wa 80. Sehemu ya mahari nimeiandika upya, kurasa kumi na tisa. Winifrida ananiuliza kila mara kama nakaribia kumaliza. Zamani hakuwa akiuliza.

Jumapili, 29 Februari

Ameumwa kichwa, Winifrida. Anakaa kimya kama mtu aliyeshika kitu mdomoni.

Jumapili, 21 Machi

Niandike taratibu, maneno yakiwa bado masikioni.

Melkiadi amekuja mchana. Mvua ilikuwa imesimama. Nilikuwa napiga randa mguu wa meza. Amekaa kwenye gogo, akasifu meza, akasifu maharage, akasifu mpaka mbwa.

“Shemeji, nikuulize jambo la kizamani. Kujifurahisha tu.”

“Uliza.”

“Yule Konte wako. Zile laki nne alimpa mkwe wake kwa mkupuo, au kidogo kidogo?”

Randa ilisimama yenyewe.

Habari za laki nne niliziandika daftari la pili, ukurasa wa 41 hadi 51. Sikumsimulia Melkiadi hata siku moja. Niliyemsimulia ni Sista Pelagia peke yake, naye alinisahihisha palepale. Kama angeisikia kwake, angejua Konte hakutoa kitu. Katika dunia nzima, pahali pekee ambapo Konte wa Valmorin anamlipa mzee Harwick ni kwenye daftari langu la pili, maana hili la tano silitoi mkononi.

“Kwa nini unataka kujua?”

“Aa, tulikuwa tunabishana na Padri mambo ya mahari.”

“Na kuhusu namba ya barua, hamkubishana?”

Akacheka, lakini mkono ukaenda mfukoni penye kalamu. “Eee, hata namba ukinipa si mbaya.”

“Ngoja nikumbuke. Njoo baada ya wiki mbili.”

“Wiki mbili mbali, shemeji.”

“Kichwa changu hakina kabati.”

Akaondoka. Mguu wa meza nimeupiga randa mpaka ukapungua robo inchi. Itabidi nipunguze na mingine mitatu.

Jumatatu, 22 Machi

Nimemuuliza Winifrida. Sikupaza sauti. Akaweka chini ndoo.

“Tangu Oktoba najua, Baba Leonidasi.”

“Tangu Oktoba.”

“Alikuja wiki ileile. Akasema alimwonyesha yule mama daftari, akaulizwa nani ameandika, naye akasema ni yeye. Lilimtoka tu. Ana watoto saba, na Padri anataka karani aliyesoma kumzidi. Akaniomba nisiseme.”

“Na barua yangu ya malalamiko?”

“Aliichoma.”

“Winifrida. Miaka mitatu na miezi minne.”

“Alisema utaandika nyingine. Wewe si unajua kuandika?” Akaanza kulia. “Ni kaka yangu. Ng'ombe wako ndio alioolea.”

Hilo nalo ni kweli. Ng'ombe wanne niliotoa kwa ajili ya Winifrida, Melkiadi aliwapeleka watatu kwa wakwe zake. Nimetoka nikaenda shambani, nikapalilia mistari ambayo ilishapaliliwa.

Ijumaa, 26 Machi

Leo Winifrida amekwenda kwa kaka yake wakati yeye yuko ofisini. Amerudi akatoa bahasha ndani ya kanga, akaiweka juu ya meza ile ya miguu mifupi.

“Soma. Kisha nairudisha kabla hajatoka kazini.”

Ni barua ya Bi Ansley, kwa Kiswahili kizuri, ya tarehe 24 Februari. Nanakili sehemu yake neno kwa neno:

“Bwana Melkiadi, nimezisoma daftari zako nne mara mbili. Nimetafiti ukoo huu miaka tisa, katika nyaraka za miji mitatu, na sijawahi kuona orodha ya wageni wa Jumatano kama uliyoiunda. Nitaandika jina lako katika kitabu changu, si pembeni bali mwanzoni. Nina swali moja. Ukurasa wa 41 wa daftari la pili unasema Konte alimlipa Harwick laki nne. Mimi siku zote nilidhani kinyume. Barua nilizopewa nimeshazipeleka Marekani zikapigwe picha, kwa hiyo siwezi kutazama. Umeona nini ambacho mimi sikuona? Nipe namba ya barua, nami nitaifuata kauli yako. Tena Chuo kinatafuta msomaji wa nyaraka za Kifaransa kwa mwaka mmoja, kuanzia 1 Juni. Nimelipeleka jina lako. Kazi ni ya aliyeandika daftari hizi. Majibu yanifikie kabla ya tarehe 20 Aprili.”

Nimemtukana mwanamke huyu katika kurasa za daftari hili mara sita, nimehesabu. Yeye amekaa huko akitilia shaka miaka yake tisa kwa ajili ya neno langu moja, na neno lenyewe si sahihi.

Kitabu chake kitatoka na kosa langu chini ya jina la Melkiadi.

Winifrida alikuwa amesimama mlangoni, mkono umenyooshwa akingoja bahasha. Nikampa. “Utakwenda Dar?” akauliza. Nikamwambia sijui. “Ukienda, tutakwenda wote,” akasema, akaondoka kwa haraka, mvua ikiwa imeanza.

Jumapili, 4 Aprili

Wiki mbili zimetimia. Amekuja, amekaa kwenye gogo lilelile.

“Umekumbuka, shemeji?”

Ningeweza kumpa namba yoyote kati ya 213. Ningempa ile ya namna ya kupika supu ya vitunguu, aiandike, aipeleke kwa msomi. Nilikuwa nimeshaichagua. Ni ya 16.

“Bado,” nikasema.

Sikuweza. Huyo mama angeifuata.

Alhamisi, 8 Aprili

Nimemaliza. Kurasa 118, badala ya 377. Leo nimeandika barua mbili. Ya kwanza, kwa Bi Ansley, iko mfukoni mwangu. Ya pili amepelekewa Melkiadi na dada yake, mkononi. Nakala ni hii:

Heru Juu, 8 Aprili 1976

Shemeji Melkiadi,

Umeniuliza kama Konte alitoa kwa mkupuo au kidogo kidogo. Hakutoa. Kule anatoa baba wa binti. Barua ni ya 94, isomwe pamoja na ya 121 na ya 188. Aliyekosea ni mimi, kwa sababu aliyeandika ni mimi, na kosa lile hawezi kulifanya mtu wa Paris wala wa Marekani. Ni kosa la mtu wa Heru Juu aliyetoa ng'ombe wanne. Unajua walikwenda wapi.

Hayo yote nimemwandikia Bi Ansley. Nimesema kosa ni langu, bila kulipunguza. Mwishoni nimeacha mistari miwili mitupu. Katika mistari hiyo utaandika kwa mkono wako kwamba daftari ulizitoa wewe kabatini na nani aliziandika. Ukifanya hivyo, kwa Padri sitakwenda, kwa ajili ya watoto wako saba na kwa ajili ya dada yako. Usipofanya, nitaijaza mwenyewe, na nitaandika pia habari za barua yangu uliyoichoma.

Usije na maneno ya pole. Usilete jogoo. Usimtume mama yenu. Nimeshafanya hesabu zote mpaka za msamaha, na hiyo haiwezi kuanza kabla ya jibu.

Gari la posta linaondoka Kasulu keshokutwa Jumamosi, tarehe 10, saa sita mchana. Mimi nitakuwa mbele ya duka la Mzee Hilali na kalamu. Utatia mkono wako au hutatia? Nijibu kabla ya saa tano na nusu. Ndiyo au hapana.

Bazilio Ndihokubwayo